Mtoto wa Kipimo

Unataka kuandikia watoto. Haya, kaa. Usikae hapo, hicho kiti kina miguu mifupi na mimi viti vya miguu mifupi vimenitosha maisha yangu yote. Kaa chini, sakafuni. Nitakupa mashauri, mengine yangu na mengine ya wale walionifukuza, na nitayachanganya makusudi, maana na mimi nilipewa hivyo hivyo na hakuna aliyenihurumia. Ukiniona nimekasirika usiulize umekosa nini. Hujakosa. Nimekasirika tangu nina miaka sita, na hata sasa ninapokuambia haya sina hakika kama miaka hiyo sita imekwisha.

Nchi yetu ilikuwa na jina. Likapelekwa Nyumba ya Ithibati kukaguliwa, halijarudi, na tumeendelea kuishi vivyo hivyo. Tunachojulikana nacho ni sheria moja: mtoto haambiwi jambo zito ila liwe limo katika kitabu chenye muhuri. Akiuliza mvua inatoka wapi, unafungua kitabu. Akiuliza kwa nini jirani analia, unafungua kitabu, na kama hakuna ukurasa wa kilio basi jirani halii. Nimemwona kwa macho yangu mama mmoja akimwambia mwanawe kwamba sauti ile ya upande wa pili wa ukuta ni upepo. Mtoto akatega sikio, akamtazama mama yake vizuri usoni, akasema ndiyo, ni upepo. Hakuwa amefika miaka minne na tayari alishajua kumtunza mtu mzima. Andika hilo mahali.

Sasa, mdogo wangu Zamda akafa. Aliugua Jumapili, Jumatano tukamzika. Mwanawe Tunu, wa miaka sita, alipelekwa nyumba ya tatu akanyweshwa uji mpaka watu wakatawanyika, kisha akarudishwa, na alipovuka kizingiti tu akauliza mama yuko wapi. Shangazi Mwanajumbe, dada wa baba yangu, aliyetulea mimi na Zamda, alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka.

"Amesafiri," akasema.

Neno lile mimi nalijua. Mimi na neno lile tumelala kitanda kimoja. Mama yetu alikufa akimzaa Zamda, mimi nina miaka sita, na Shangazi huyo huyo, jiko lile lile, mgongo ule ule umegeuzwa, aliniambia mama amesafiri na ametuachia mtoto tumshikie. Nikamngoja. Mama alikuwa anapenda ukoko wa wali, basi kila siku nilikuwa naukwangua wa kwangu, nauficha kwenye bakuli chini ya kitanda, asije akafika na njaa akakuta tumemaliza. Sisimizi wakaja, nikachapwa, nikatafuta bakuli lenye kifuniko. Nilingoja mpaka siku ile darasani mwalimu alipotaka kuandika majina, akasema wasio na mama wasimame. Wakasimama watatu. Darasa zima likageuka kunitazama mimi. Nilibaki nimekaa. Nilibaki nimekaa kwa nguvu zangu zote, na nikamwona mwalimu anaandika jina langu bila kunisimamisha.

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Kwa kuandikwa kwenye orodha.

Na sasa Tunu. Siku moja kabla sijaenda Nyumba ya Ithibati, nilimkuta amefunga nguo zake ndani ya kanga, fundo limekazwa kwa meno, anauliza njia aliyopita mama ni ya juu au ya chini. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema kumfuata, kwa sababu mama amechelewa na huenda amepotea, na yeye ana macho mazuri kuliko mama. Nilijua kwamba siku mbili tatu zijazo angeshika mojawapo ya njia zile, na hakuna mtu katika nchi hii aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia kwamba hakuna wa kumfuata. Hakuna kitabu chenye muhuri kilicho na kifo ndani. Nimevipekua vyote. Kuna kimoja kina jani lililoanguka, lakini ukurasa unaofuata linaota tena.

Kwa hiyo nikaandika changu. Kurasa kumi na mbili. Mtoto anauliza mama yuko wapi, ukurasa kwa ukurasa, kila mtu anamjibu lake, na ukurasa wa mwisho shangazi yake mmoja anakaa naye chini na kumwambia: Mama amekufa. Hatarudi. Basi. Nikakitia kwapani nikaenda kukiombea muhuri, maana wakati huo bado nilikuwa mtu wa kuomba.

*

Shauri la kwanza la Nyumba ya Ithibati: jua umri wa msomaji wako.

Linaonekana zuri, sivyo? Kila mwandishi, kabla ya kusikilizwa, hukaa kwanza Darasa la Mashauri, kwenye viti vya watoto, ili eti avae umri. Tulikuwa ishirini au mia mbili, chumba kile kilikuwa kinatanuka kila ukihesabu. Aliyetufundisha ni Mwalimu Sengondo, mkuu wa Nyumba, mtu mpole sana, upole wa mtu ambaye hajapingwa siku nyingi. Ameandika vitabu tisini na vyote vinaishia watoto wamenawa mikono na kulala. Alisema sentensi ziwe fupi. Maneno yawe mepesi. Wanyama wazungumze. Mwisho uwe na fundisho, na fundisho liandikwe kwa wino mzito, mtoto asije akalipita.

Nilipokaa kwenye kile kiti magoti yalinipanda hadi kidevuni. Baada ya muda yakashuka. Nikaangalia chini nikaona miguu yangu imefupika, ina vumbi, na kidole gumba cha kushoto kina kile kidonda nilichokipata nikikimbilia mlango siku watu walipobisha nikadhani ni mama. Mwalimu Sengondo anaendelea: usimtishe mtoto, usimhuzunishe, usimwache na swali. Nikawa namsikia kutoka chini, kama tunavyowasikia watu wazima tukiwa chini ya meza, midomo mikubwa na matundu ya pua. Mtoto ni nani? Nilijiuliza pale, na niliuliza kwa akili ya miaka sita, ambayo haina adabu. Mtoto ni mtu ambaye wengine wamekubaliana wasimwambie. Wakikubaliana wasikuambie ukiwa na miaka hamsini, umekuwa mtoto. Raia wangapi wa nchi yetu wana ndevu na ni watoto? Na nani alianza kukubaliana? Kikao kilikuwa wapi, na mimi nilikuwa nacheza na nini wakati kinafanyika?

Shauri langu, na ulishike: umri hauvaliwi. Umri unao tayari, yote, umekaa ndani mmoja juu ya mwingine. Ukitaka kuandikia mtoto wa miaka sita nenda kamtafute wa miaka sita uliyekuwa, muulize nani alimdanganya, na usiondoke mpaka akujibu. Atakununia. Keti tu.

Nikasimama, nikawa na miaka arobaini na moja na mgongo unauma.

Darasa lilipotoka, Mwalimu Sengondo aliniita. Alikuwa amekwisha kusoma mswada wangu, niliouacha mlangoni nilipoingia. Alinisifu, na alinisifu kwa haki, alizitaja kurasa kwa namba zake. Alisema ukurasa wa saba, ule ambao mtoto anamuuliza muuza mkaa, yeye mwenyewe angetamani kuuandika. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akaweka kidole juu ya mstari, taratibu, na akaniambia kila kitu kiko tayari: wachoraji, rangi, nakala kwa kila shule nchini, jina langu kwenye jalada. Ila hapa tu.

"Neno moja, Siwatu," akasema. "Amesafiri. Maana ni ile ile, na hakuna atakayeumia."

Nilimwambia kuna mtoto nyumbani amefunga nguo anataka kuufuata huo msafara. Akasema huyo ndiye angekuwa wa kwanza kufarijika. Nisikufiche, nilitamani. Usije ukadhani mimi ni chuma. Miaka ishirini naandika na kuchana, na mtu ananiahidi kila shule nchini. Niliona jina langu kwenye jalada, la bluu. Halafu nikawaza Tunu anasomewa kitabu hicho, sauti yangu inamwambia amesafiri, picha ya njia imechorwa kwa rangi nzuri. Nikamwambia Mwalimu Sengondo nataka kusoma mbele ya Mtoto wa Kipimo, kama kilivyo. Ni haki ya kila mwandishi, mara moja maishani. Akikataa yule, mswada unafutwa kwa raba na mkono wa mwandishi mwenyewe, na mwandishi haandiki tena.

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Akasema sawa.

*

Mtoto wa Kipimo sikuwa nimemwona kabla. Wachache wanamwona. Nilikuwa nadhani ni jina tu, au ni watoto wanaobadilishwa kila mwaka, mtoto huyu leo na yule kesho. Sheria inasema vitabu vyote vya watoto vipimwe kwa mtoto mmoja, ili kipimo kisiyumbe. Akitikisa kichwa kukubali, muhuri. Akikunja uso, rudia. Akiuliza swali, kitabu kina kasoro, kwa sababu kitabu kizuri kinamwacha mtoto hana swali. Tangu Nyumba ianzishwe Mtoto wa Kipimo hajawahi kuuliza swali hata moja, na wanajivunia sana hilo, wameliandika juu ya mlango.

Wakanipeleka ukumbini. Wajumbe wa Nyumba walikaa pembeni kwenye vile viti, magoti juu. Mlango wa pili ukafunguliwa, akaingia bibi kizee.

Amevaa sare. Sketi ya marinda, kola nyeupe, soksi zimevutwa mpaka chini ya magoti, na magoti yenyewe yamevimba kwa umri. Kifuani ana kitambaa cha pua kimebanwa kwa pini, na juu yake wameandika jina, Mashavu. Mbele hana meno manne. Mjumbe mmoja aliyeniona nakodoa macho akaninong'oneza kwamba yako njiani, yanaota. Alisema bila kutabasamu. Yule mama aliletwa pale akiwa na miaka saba, mama yake mzazi akamwambia nakuja sasa hivi, akatoka. Na kwa kuwa mama hajarudi, sasa hivi haijaisha, na kwa kuwa haijaisha yeye bado ana miaka saba. Ndivyo kilivyoandikwa kitabu cha Nyumba. Nilitafuta mahali pa kucheka sikupaona.

Akaja mpaka mbele yangu, akashika mikono nyuma, akasema kwa ule mvuto wa watoto wa shule:

"Shikamoo."

Na ukumbi ukangoja.

Unajua mwenyewe kinachotakiwa. Mtoto ameamkia, mtu mzima aitikie marahaba, ndipo usomaji uanze, imeandikwa kwenye utaratibu, haipitwi. Wajumbe wote wamemwitikia kila asubuhi, wengine tangu wakiwa vijana wa miaka ishirini, wanamkuta ana mvi na wanamwitikia marahaba mtoto mzuri. Neno lilinifika ulimini. Nikamtazama. Mama yule alimzidi Shangazi Mwanajumbe umri, alimzidi hata bibi yangu niliyemkuta. Kama nyumbani ningemwacha mtu kama huyo aniamkie nikaitikia, ningefikiriwa nimerukwa na akili, na ningekuwa nimerukwa kweli. Hapo ndipo hasira yangu yote ilipopata mahali pa kusimama. Sikuja na mpango, usiniandike shujaa. Mwili wangu tu ulikataa.

Nikapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo mama," nikasema.

Mjumbe mmoja aliguna. Mwalimu Sengondo akaniambia, kwa upole wake, kwamba nimekosea, nianze upya. Sikuanza upya. Nikabaki nimeinama nangoja kuitikiwa, kwa sababu mtu akikosa kuitikiwa hainuki, na mimi nilikuwa na siku nzima. Mashavu alinitazama. Alitazama kulia kwa wajumbe, wakamwonyesha kwa macho anyamaze. Nikaona midomo yake inatafuta kitu, inakijaribu bila sauti. Katika uhai wake wote hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kulisema.

"Marahaba," akasema, polepole. Halafu tena, kwa sauti yake, nene, ambayo nadhani hata yeye alikuwa haijui: "Marahaba, mwanangu."

Basi nikasoma. Nilisoma kama ninavyokushauri usome daima, kwa sauti, umemtazama msikilizaji na siyo karatasi, na ujue anaacha kupumua wapi. Pale anapoacha kupumua ndipo kitabu kilipo. Kwingine kote unaweza kukata. Ukurasa wa kwanza alinisikiliza kwa uso waliomfundisha, kichwa kimelala begani. Ukurasa wa nne mtoto wa kitabuni anaambiwa mama yuko sokoni, kichwa kikanyooka. Ukurasa wa saba muuza mkaa anasema muulize mkubwa zaidi yangu, na Mashavu akakaa chini, kwenye sakafu, bila kuambiwa. Ukurasa wa kumi na moja aliacha kupumua. Nikageuza.

"Mama amekufa," nikasoma. "Hatarudi."

Hakukubali kwa kichwa. Hakukunja uso. Mwalimu Sengondo alikuwa ameshasimama na raba mkononi.

"Na wangu?" akauliza Mashavu.

Jambo hilo halikuwa na utaratibu. Wajumbe walitazamana. Mwalimu Sengondo akamwinamia, akamwambia mama anakuja, mtoto mzuri, anakuja sasa hivi. Aliyasema kwa mazoea, na nilivyomwona akiyasema nikatambua kwamba anayaamini. Kwamba miaka yote hiyo alikuwa anapima vitabu vya nchi nzima kwa mtu aliyekuwa amesimamishwa pale na uongo mmoja, na hajawahi kuuona, kwa kuwa ulikuwa na faida ya kumfanya mtoto atulie. Mtulivu yule ndiye waliyemwita mfano wa watoto wote. Wakamkata kila mtoto wa nchi hii kwa urefu wake. Loh, nilitaka kupiga kelele na sikupiga.

Mashavu hakumsikiliza. Alikuwa ananingoja mimi.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Sikumjua. Lakini ukiihesabu miaka yako, na yeye alikuzidi, basi amekufa. Tena siku nyingi."

Akahesabu. Alihesabu kwa vidole, kwa sauti ndogo, akaanzia saba. Alifika thelathini akapumzika. Kila alipopita miaka kumi uso wake ulikuwa unapokea mikunjo iliyokuwa tayari pale lakini haina mwenyewe. Alipofika sabini na tatu akaacha. Akalia kidogo, kimya, kwa kile kitambaa cha kifuani, akakichomoa kwenye pini ili kimfike vizuri. Kisha akateremsha soksi, moja halafu ya pili.

"Nileteeni kiti," akasema. "Cha watu wazima. Nimechoka."

Hakikuwako Nyumba nzima.

*

Walinipa raba. Kitabu kimezaa swali, utaratibu ni kukifuta. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu ndani ya Mwalimu Sengondo, mzee mwenye vitabu tisini ambaye ameona vyote vinapimwa upya mbele yake. Aliniuliza ninafahamu nimefanya nini. Alisema kesho nitawaambia nini wazazi, kwamba kila mtoto aambiwe? Watalia nchi nzima. Nikamwambia wanalia sasa, ila mmewafundisha kukiita kilio upepo. Akaniambia nikikataa kufuta watalifuta jina langu, sitaandika tena kwa ajili ya mtoto yeyote, na nikimwambia mtoto yeyote jambo ambalo halina muhuri nitakuwa nimeacha kuwa mtu mzima mbele ya sheria. Nikaiweka raba mezani.

"Andika," nikamwambia. "Siwatu. Usikosee."

Nikachukua mswada wangu nikatoka. Shauri hili sikulipata darasani: watakapokufukuza, ondoka na karatasi zako. Watu wengi husahau, wanatoka na machozi peke yake.

Nje jua lilikuwa pale pale nilipoliacha asubuhi, lakini miti ya njiani ilikuwa imerefuka, na nyumba nilizozijua zilikuwa na milango ya rangi nyingine. Hapo hofu ikanishika. Mle ndani nimekaa muda gani? Asubuhi moja? Miaka? Nikamwona Tunu kizingitini ana mvi, fundo la kanga mapajani, ananiamkia kwa mvuto wa shule. Nilikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, karatasi kifuani, kiatu kimoja kimeniponyoka nisirudi kukiokota. Sasa hivi, sasa hivi, nilikuwa najisemea nikikimbia, na kila nikilisema nalichukia.

Shangazi Mwanajumbe alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, anachagua mawe. Ungo ule ule, mchele ule ule wa asubuhi, hajafika hata nusu. Nikashika ukuta nikahema. Aliniuliza kama wamekubali. Nikasema wamekataa, na jina wamelifuta. Akatupa jiwe moja uani.

Akasema basi hakuna jinsi, mtoto aendelee kuambiwa alivyoambiwa. Nikamwambia simwambii hivyo. Nikamwambia na mengine, yote ya bakuli na sisimizi na orodha ya mwalimu, mambo ya miaka thelathini na mitano, niliyasema hapo mlangoni nikiwa na kiatu kimoja, na sikuyapunguza makali kwa sababu ya umri wake. Alipoona nimemaliza, mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mchele.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Siwatu," akasema. "Nimeshikishwa kichanga na wewe unanivuta nguo. Na mimi hakuna aliyeniambia nikwambie nini."

Sikumsamehe pale pale, nisikudanganye, lakini nilimwona. Nikampita nikaingia.

Tunu alikuwa ua wa nyuma. Yupo, wa miaka sita, hajaongezeka hata siku. Nilikaa chini mavumbini mbele yake, karatasi zangu nimeziweka pembeni, sikuzifungua. Nilikuwa nimejiandaa sana kwa maneno ya ukurasa wa kumi na mbili na nilipofungua mdomo yalikuwa machache mno kwa uso ule.

"Tunu, mama yako hakusafiri," nikasema. "Amekufa. Aliugua, mwili ukashindwa, tukamzika. Hatarudi. Na wewe hukufanya kosa lolote."

Akauliza kama huko alipo anasikia njaa. Nikasema hapana. Akauliza kama anatusikia sisi. Nikasema sijui. Akashangaa, akauliza kwani mimi si mkubwa, na nikamwambia mkubwa ndiyo, lakini hilo silijui na sitamwambia ninalijua. Akalikubali. Kisha kilio kikaja, kikubwa kuliko yeye, na mimi nikamshika tukalia pamoja bila kukiita jina lingine. Majirani walisikia. Shangazi Mwanajumbe alikuja akasimama mlango wa uani, ungo mkononi, hakuingia wala hakuondoka.

Muda ukapita, wa kawaida, unaokwenda mbele. Tunu akajifuta pua kwa mkono. Akakaa akifikiri, na nikaona swali linakuja, nikajikaza, nikadhani ni la roho, ni la Mungu, ni la kaburi.

"Kesho shule nani atanisuka?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe hujui kusuka, Mama Mkubwa."

"Sijui," nikasema. "Kweli sijui."

Akanipima. Akageuka, akakaa katikati ya miguu yangu akanipa mgongo, akanyoosha mkono nyuma akaushika wangu, akauweka utosini kwake.

"Anza hapa," akasema. "Na usivute sana."